Diski Iliyokuwa Ikipotea Kila Saa Mbili Asubuhi

Simu ya kwanza ilikuwa fupi. "Fundi, ile diski mpya nayo imekufa." Aliyepiga ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari wilayani Lushoto, aliyebebeshwa mzigo wa maktaba ya kompyuta kwa sababu moja tu, kwamba anafundisha fizikia. Neno lililonishtua halikuwa "imekufa". Lilikuwa "nayo". Diski ya kwanza ilishatolewa kazini mwezi uliotangulia, ikafungiwa kabatini na kuandikwa MBOVU kwa maka peni nyekundu. Diski mbili za viwanda viwili tofauti zife kwa dalili ileile, mahali palepale, ndani ya wiki chache? Yawezekana, ila mimi nisingeweka hela yangu hapo.

Kisa hiki nakiandika kwa urefu kwa sababu karibu kila tulichokigusa kilionekana kuwa dawa kwa siku mbili tatu, kisha ugonjwa ukarudi. Mwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, na diski ya nje inayomtoroka huenda akaitambua njia tuliyopita.

Mtambo wenyewe ni wa kawaida. Raspberry Pi 4 yenye RAM ya GB 4, mfumo wa uendeshaji uko kwenye kadi ya memori ya GB 32, na pembeni kuna diski ya inchi 2.5 ya TB 1, aina ile inayozunguka, ndani ya kasha lisilo na umeme wake. Kila inachokula diski hiyo kinapita kwenye tundu la USB. Ndani yake kuna mafaili ya ZIM, yaani tovuti nzima iliyofungashwa kwenye faili moja: Wikipedia ya Kiswahili, Wikipedia ya Kiingereza pamoja na picha zake ambayo peke yake hupita GB 90, kamusi, na video za hesabu. Programu ya Kiwix huyasoma mafaili hayo na kuyagawa kwa waifai, wanafunzi wakafungua kwenye vishikwambi. Waifai ya ndani ya Pi haikuwa ikifika madawati ya nyuma, kwa hiyo mtu alichomeka kifaa cha waifai cha USB chenye antena ndefu. Zaidi ya hapo kulikuwa na kidude cha kibodi isiyo na waya. Intaneti haihitajiki kabisa, na kule milimani hiyo ndiyo faida yenyewe.

Dalili alizieleza hivi. Kila siku saa mbili asubuhi, kipindi cha kwanza kikianza, kurasa zinagoma kufunguka. Diski inalia tik, taa yake inazimika, inawaka tena. Wakizima Pi na kuiwasha, kazi inaendelea hadi mapumziko ya saa nne, na mara nyingi baada ya mapumziko mchezo unajirudia. "Halafu wakati mwingine," akaongeza, "katikati ya kipindi inaganda kama nusu dakika, kisha inaendelea yenyewe." Hiyo ya mwisho aliitaja kama nyongeza tu, nami nikaipokea kama nyongeza tu. Lilikuwa kosa langu la kwanza.

La pili lilikuwa kutoa dawa kwa simu. Alinitumia picha ya skrini, na humo nikaona maneno ambayo kila mwenye Linux na diski mbovu anayajua: `EXT4-fs error`, na chini yake `Remounting filesystem read-only`. Nikamwelekeza ashushe diski (aitenganishe na mfumo bila kuichomoa), aendeshe `e2fsck -f`, aipandishe tena. Akafanya. Ikatulia siku mbili na mimi nikajiona mjuzi. Baadaye nilipohesabu kwenye kalenda, siku hizo mbili zilikuwa Jumamosi na Jumapili.

Ujumbe ule wa EXT4 husema tu kwamba mfumo wa faili ulikuwa ukiandika kitu, diski ikaondoka chini ya miguu yake, ukaamua kujifunga ili usiharibu zaidi. Kukarabati mfumo wa faili bila kujua kwa nini diski iliondoka ni sawa na kupiga deki sakafu huku bomba linavuja.

Nikapanda, basi, Mombo hadi Soni na kuendelea, siku ya kazi safari hii.

Kupotea na kuganda

"Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, fundi. Karibu. Mgonjwa yuko maabara." Ilikuwa saa moja na nusu. Nilimwomba tusiguse chochote, hata kebo. Ukishachomoa na kuchomeka umeshabadilisha mambo matano kwa pamoja na hutajua lipi lilisaidia. Nikaingia kwenye Pi kwa kompyuta yangu, nikaacha dirisha moja likiendesha `dmesg -w`, ambalo huonyesha kila anachosema keneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji kinachoongea na vifaa, pale pale anaposema. Dirisha la pili nikaangalia diski imeungwaje:

`lsusb -t`

Jibu lilionyesha vitu viwili vya maana: mwendo wa 5000M, yaani diski iko kwenye tundu la bluu la USB 3, na neno `Driver=uas`. Hilo la pili nililiandika kwenye daftari bila kulijali.

Wanafunzi wakaingia, vishikwambi vikawashwa. Dakika nne baadaye, tik. Kwenye dirisha:

`usb 2-1: USB disconnect, device number 2`

Sekunde chache kupita:

`usb 2-1: new SuperSpeed USB device number 3 using xhci_hcd`

Diski ilirudi yenyewe, na bado wanafunzi walikuwa wakiona kurasa tupu. Kabla ya kuondoka ilikuwa inaitwa `sda`. Iliporudi, keneli ilikuwa bado inalishikilia jina lile kwa sababu mfumo wa faili ulikuwa haujashushwa, kwa hiyo ikaipa jina la `sdb`. Ni kama mgeni aliyetoka gesti asubuhi, akarudi jioni akapewa chumba kingine, na wote wanaomtafuta wanaendelea kugonga mlango wa kile cha kwanza. Kiwix ilikuwa inagonga `sda`. Ndiyo maana kuzima na kuwasha kuliponya kila mara, na ndiyo maana diski ilionekana imekufa wakati ipo hapo hapo inazunguka.

Tulipandisha upya, kipindi kikaendelea. Dakika kama 20 baadaye ikaja ile nyongeza niliyoidharau. Vishikwambi vyote viliganda, wanafunzi wakaanza kupiga kelele, kisha mambo yakaendelea. Kwenye logi hakukuwa na neno `disconnect` hata moja. Kulikuwa na mistari ya `uas_eh_abort_handler`, mmoja baada ya mwingine, na mwishoni:

`usb 2-1: reset SuperSpeed USB device number 3 using xhci_hcd`

Tazama namba. Kwenye tukio la kwanza kifaa namba 2 kiliondoka na kikarudi kama namba 3, maana yake kwa macho ya bodi kiliyoyoma kabisa. Kwenye tukio la pili kilikuwa namba 3 kabla na baada. Hakikuondoka. Kilipewa amri, hakikujibu, keneli ikasubiri, ikachoka, ikakipiga kibao kiamke. Na muda ambao Linux huisubiri diski kabla ya kuchoka, kwa kawaida, ni sekunde 30. Ile "nusu dakika" ya mwalimu ilikuwa sahihi kuliko alivyodhani mwenyewe.

Tukazipa majina: kupotea na kuganda. Kuanzia hapo kila tukio liliandikwa kwa jina lake, na saa yake. Laiti tungeendelea kuyaita yote "diski inasumbua", naamini hadi leo tungekuwa tunazunguka mduara.

Diski inajua ilivyokufa

Diski hutunza kumbukumbu zake. Kuzisoma kupitia kasha la USB mara nyingi kunahitaji kuongeza neno moja:

`sudo smartctl -a -d sat /dev/sdb`

Watu wengi hutazama mistari ya namba 5, 197 na 198, yaani sekta zilizohamishwa, zinazosubiri hukumu na zilizoshindikana kusomeka. Zote zilikuwa sifuri. Sahani za diski, zile zinazozunguka na kubeba data, ni nzima. Mstari wa 199, makosa ya mawasiliano, nao ulikuwa sifuri, lakini hapo nilimwonya mwalimu asifurahi haraka. Mstari huo huhesabu makosa kati ya diski na ile chipu ndogo ya kwenye kasha inayotafsiri SATA, lugha ya diski yenyewe, kwenda USB. Kebo ya USB iko upande wa pili wa chipu hiyo. Inaweza kuoza kabisa na 199 ikabaki sifuri.

Mstari ulionisaidia ni ambao sijauona ukitajwa sana: 192. Umeme ukikatika ghafla diski inapozunguka, vichwa vyake vya kusomea havina muda wa kurudi kistaarabu. Diski hutumia nguvu iliyobaki kwenye sahani zinazoendelea kuzunguka ili kuvirusha vichwa pembeni kabla havijagusa sahani. Huo ndio mlio wa tik. Na kila inapofanya hivyo, huongeza moja kwenye 192.

Ilikuwa 58. Nikaiandika. Baada ya kupotea tena ikawa 59. Baada ya kuganda, 59 ile ile. Kupotea kwingine, 60. Kati ya vipimo hivyo hatukuizima Pi hata mara moja, ili hesabu isichafuke. Diski yenyewe ilikuwa inashuhudia kwamba kwenye kupotea ilinyimwa umeme, na kwenye kuganda ilikuwa na umeme wake wote.

Swali lililobaki ni kwa nini saa mbili. Mwalimu alikuwa na nadharia: wanafunzi 40 wanaifungua kwa wakati mmoja, inazidiwa. Nadharia nzuri, nami niliiamini kwa saa nzima. Kilichoivunja ni mapumziko. Wanafunzi walitoka wote, tukakaa na chai na mihogo ya kuchemsha kama robo saa, kisha nikamwomba afungue ukurasa mmoja tu kwa simu yake. Mtu mmoja, simu moja, chumba kitupu. Tik. Ikapotea.

Akacheka kwanza, halafu akanyamaza, akaanza kufikiri kama mwalimu wa fizikia. "Imelala," akasema. "Imelala, na sasa inaamka."

Ndivyo. Kasha lile huilaza diski ikikaa dakika 10 bila kazi. Asubuhi inakuwa imelala usiku kucha. Baada ya mapumziko inakuwa imelala tena. Kuendelea kuzunguka hakuhitaji nguvu nyingi, lakini kuanza kuzunguka kutoka kusimama ni kama kusukuma gari lililozimika: kazi yote iko kwenye mita mbili za kwanza. Lebo ya diski ilisema 5V 0.7A. Kwa sekunde moja au mbili za kuamka, diski za aina hii huweza kufika ampea 1.

Chaja ya wati 18

Pi ina njia ya kueleza kama imekuwa ikipata umeme mdogo:

`vcgencmd get_throttled`

Jibu lilikuwa `0x50000`. Tarakimu ile ya 5 ikiwa hapo maana yake mambo mawili yameshatokea tangu iwashwe: volti imeshuka chini ya kiwango, na kichakataji kimepunguzwa kasi. Ingekuwa `0x50005`, yangekuwa yanatokea sasa hivi pia. Kiwango chenyewe kwenye bodi hizi ni kama volti 4.63.

"Lakini chaja ni kubwa," mwalimu akajitetea. "Ya wati 18. Ile ya zamani ilikuwa 10." Nikaichomoa tukasoma maandishi madogo kwa tochi ya simu. Wati 18 zilikuwepo kweli: 9V kwa 2A. Mstari wa juu yake: 5V, 2A. Chaja za simu za kisasa hupandisha volti pale tu simu inapoomba kwa lugha yake, na Pi 4 haiombi. Inabaki kwenye volti 5, na kwenye volti 5 chaja ile ya wati 18 ni chaja ya wati 10. Alikuwa amenunua kitu kilekile alichokuwa nacho.

Kisha kebo. Ilikuwa ya mita 2, nyembamba, nzuri sana kwa mtu anayechaji simu akiwa amelala. Hapa nilimwachia ubao. Waya wa shaba wa geji 24 una ukinzani wa kama omu 0.084 kwa mita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita 2 za kebo ni mita 4 za waya, omu 0.34. Pi na diski zikivuta ampea 1.5, volti inayopotea njiani ni kama 0.5. Chaja inatoa 5.0 au 5.1, bodi inapokea 4.5 au 4.6. Tulipima kwenye pini za bodi, pini ya 4 na ya 6: volti 4.81 wakati wa utulivu. Wakati wa kuamka maltimita ilionyesha 4.66 kwa kufumba na kufumbua. Maltimita ya kawaida ni nzito, hutoa wastani, kwa hiyo shimo lenyewe lilikuwa refu kuliko hapo. Wapo wanaonunua vile vipimio vidogo vya USB vya kuweka katikati ya kebo. Mimi ninacho na sikukitumia, kwa sababu kinaongeza viungo viwili na ukinzani wake kwenye njia ambayo tayari ina njaa.

Nilikuwa nimepanda na adapta halisi ya Pi 4: volti 5.1, ampea 3, waya wake mnene umeungwa moja kwa moja. Hiyo 0.1 ya ziada imewekwa makusudi, kufidia kinachopotea njiani. Tukaibadilisha, tukawasha. `0x0`. Tukailaza diski, tukaiamsha, salama. Mara ya pili, salama. Mara ya tatu. Nilishaanza kukunja waya zangu.

Mara ya nne ikapotea. `get_throttled` bado ilisema `0x0`, na 192 ikasema 64.

Nadhani visa vingi huishia hapo: mtu amebadilisha adapta, alama ya umeme mdogo imetoweka, diski inapotea bado, basi anahitimisha kwamba umeme si tatizo na anarudi kuilaumu diski. Lakini alama ile hupima umeme unaoingia kwenye bodi. Haijui chochote kuhusu unaotoka kwenye matundu ya USB. Pi 4 ina matundu manne, mawili ya USB 3 na mawili ya USB 2. Kwa vitabu vya viwango, tundu la USB 3 huahidi miliampea 900 na la USB 2 huahidi 500. Bodi hii haina uwezo wa ahadi zote hizo. Ina mfuko mmoja wa ampea 1.2 kwa matundu yote manne kwa pamoja, hata ukiilisha kwa adapta ya namna gani. Diski inaamka na ampea 1. Kile kifaa cha waifai chenye antena ndefu, kikirusha kwa nguvu, kinachukua sehemu kubwa ya kilichobaki na zaidi.

Jaribio lilikuwa rahisi. Tukachomoa waifai ya USB, tukailaza na kuiamsha diski mara kumi kupitia kebo ya mtandao. Haikupotea hata mara moja. Tukairudisha, ikapotea kwenye jaribio la tatu.

Kuna dawa mbili za mitaani ambazo sikuzitaka. Moja ni ile kebo yenye miguu miwili inayochomekwa kwenye matundu mawili. Kwenye kompyuta ambayo kila tundu lina umeme wake inasaidia. Kwenye Pi 4 miguu yote miwili inachota mfuko uleule. Ya pili ni kuizuia diski isilale, kwa kuigusa kila dakika tano au kwa `hdparm -S 0`. Hiyo ingefanya kazi, na ndicho kinachonitisha. Ni kumkataza mgonjwa asisimame kwa kuwa akisimama anaanguka. Umeme wa gridi ukikatika na kurudi usiku, diski lazima iamke, na hakuna fundi pale.

Kilichotakiwa ni habu, kifaa cha kugawa tundu moja la USB kuwa mengi, yenye adapta yake, ili diski ipate umeme kwingine na Pi ibaki na data tu. Nilikuwa na mbili kwenye begi. Ya kwanza niliichomeka, kisha kabla ya kitu kingine nikachomoa adapta ya Pi na kuiacha habu na umeme wake. Taa nyekundu ya Pi iliendelea kuwaka. Maana yake habu inairudishia bodi umeme kwa mlango wa nyuma, kupitia tundu la data. Bodi inayolishwa hivyo inaweza kubaki nusu macho, isizimike vizuri wala kuwaka vizuri, na utapata visa vipya kabisa. Nikairudisha begini. Ya pili taa ilizimika mara moja, kama inavyotakiwa. Diski ikahamia huko, waifai ikabaki kwenye Pi.

Kuamka mara 20, kupotea sifuri. Na 192 ikatulia kwenye 66.

(Mwenye Pi 5 asome hapa. Bodi hiyo iliyotoka 2023 inapenda adapta ya volti 5 ampea 5. Isipoiona, inafunga matundu yote ya USB kwenye jumla ya miliampea 600, ambayo ni nusu ya Pi 4; ikiiona, inafungua hadi ampea 1.6. Ukiwa umehama kutoka Pi 4 na adapta yako ya ampea 3, diski iliyokuwa nzima juzi inaweza kuanza kupotea leo.)

Kuganda kulikobaki

Tulikuwa tumeshinda nusu. Kipindi cha mwisho cha siku, wanafunzi 40, kuganda kukarudi mara mbili. Logi ile ile ya `uas`.

Nilianza na kebo ya diski kwa sababu ni rahisi, nikaweka fupi ya sentimita 30. Hakuna tofauti. Ndipo nikarudi kwenye lile neno `uas` nililoliandika asubuhi bila kulijali. Diski za USB huongea na keneli kwa lugha moja kati ya mbili. Ya zamani hupeleka amri moja, inasubiri jibu, ndipo inapeleka nyingine. UAS, iliyo mpya, hupeleka amri nyingi kwa mkupuo na kuruhusu majibu yaje kwa mpangilio wowote, kama mhudumu wa mgahawa anayechukua oda za meza nzima bila kuandika. Mhudumu mzuri hufanya kazi haraka. Mwenye kumbukumbu mbovu anachanganya chapati na maandazi, kisha anasimama katikati ya ukumbi hajui aende wapi. Chipu za makasha mengi ya bei nafuu ni wahudumu wa aina ya pili. Mteja mmoja hazimsumbui. Wanafunzi 40 wakisoma kurasa 40 tofauti huzijaza oda.

Kwa hiyo nadharia ya mwalimu kuhusu wingi wa wanafunzi haikuwa ya kutupwa. Ilikuwa sahihi kwa kuganda, na ilikosea kwa kupotea tu. Magonjwa mawili yalikuwa yamekaa kwenye mwili mmoja, moja likija wakati wa ukimya na lingine wakati wa vurugu, ndiyo sababu hakuna maelezo mamoja yaliyotosha.

Kuizima UAS kwa kifaa kimoja, unachukua namba ya kasha kutoka kwenye `lsusb`, zile tarakimu nne, nukta pacha, tarakimu nne, na kuongeza kwenye `/boot/firmware/cmdline.txt`, au `/boot/cmdline.txt` kwenye matoleo ya zamani, maneno haya, ukiweka namba yako:

`usb-storage.quirks=xxxx:yyyy:u`

Yawekwe kwenye mstari uleule uliopo, baada ya nafasi moja. Najua hivyo, nimeshawaambia watu hivyo, na bado nilibonyeza Enter kwanza kwa mazoea. Nikawasha upya, `lsusb -t` ikasema `uas`, nikakaa dakika kumi nikishuku namba ya kasha kabla ya kuliona kosa. Faili hilo husomwa mstari wake mmoja tu. Niliporekebisha, neno likabadilika kuwa `Driver=usb-storage`.

Tulipoteza mwendo kiasi gani? `hdparm -t` ilitoa MB 108 kwa sekunde kabla, na 104 baada. Diski inayozunguka haina haraka ya kufaidi UAS, na waifai ya darasani haifiki hata robo ya hapo. Kwa SSD, diski isiyo na sahani za kuzunguka, ningefikiri mara mbili, pengine ningebadilisha kasha.

Usiku ule nililala Lushoto ili kesho yake nione kipindi cha saa mbili kwa macho yangu. Hakuna kupotea, hakuna kuganda. Wakati tunasubiri, niliihamisha diski kutoka juu ya Pi na kuiweka mbali na antena kadiri kebo ilivyoruhusu, kwa sababu USB 3 hutoa kelele za redio kwenye masafa yaleyale ya 2.4 GHz ambayo waifai inatumia. Intel waliandika juu ya hilo mwaka 2012. Madawati ya nyuma yakapata mstari mmoja zaidi wa mawimbi, ambao hakuna aliyeuomba.

Nilibadilisha pia jinsi diski inavyopandishwa. Maktaba husomwa tu. Hakuna mwanafunzi anayeandika Wikipedia. Sasa mstari wake kwenye `/etc/fstab`, faili linaloorodhesha diski za kupandishwa, unatumia UUID (namba ya utambulisho isiyobadilika hata diski ikipewa jina jingine), si `sda`, na una `ro,nofail`. `ro` inafanya mfumo wa faili usiwe na chochote cha kuvunjika hata umeme ukikatika ghafla, na mwalimu akitaka kuongeza video anaifungua kwa amri moja kisha anaifunga. `nofail` inaiwezesha Pi kuwaka hata diski isipokuwepo, badala ya kusimama gizani ikisubiri mtu mwenye skrini na kibodi.

Halafu tukafungua kabati. Ile iliyoandikwa MBOVU niliichomeka kwenye habu, nikaendesha `smartctl -t long`, tukaiacha ikijipima kwa zaidi ya saa mbili na nusu. `Completed without error`. Mfumo wa faili ulikuwa umechanika vibaya, diski yenyewe haina kovu. Mstari wake wa 192 ulikuwa na hesabu kubwa kuliko ya mwenzake. Tulinakili maktaba nzima humo. Mwalimu alijaribu kuyafuta yale maandishi mekundu kwa spiriti ya maabara, yakafifia kidogo tu.

Mwishoni mwa muhula nilimwomba anisomee 192 ya diski iliyo kazini. Akaniambia 69. Nilikuwa nimeiacha 66. Kabla sijasema lolote akanisomea kutoka daftarini tarehe tatu, na saa zake: mara zote tatu umeme wa gridi ulikuwa umekatika, habu ikazimika pamoja na taa za maabara.